Vumbi la Sakafu na Vumbi la Dhahabu: Pumzi ya Fundi katika Shinyanga na Geita

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita ujenzi haukomi. Zahanati inaongezewa wodi ya wazazi, kituo cha afya kinajengewa chumba cha upasuaji, nyumba ya wageni inabadilishiwa sakafu, duka la mjini Kahama linawekewa vigae. Katika kazi nyingi za namna hii huja siku ambapo fundi hulazimika kusugua zege lililokwisha kukauka, ili epoksi, rangi au gundi ya vigae ipate mahali pa kushika. Grenda huwashwa, chumba hujaa wingu jeupe, na kwa saa kadhaa aliyeko ndani haonekani vizuri. Jioni fundi hutoka akiwa na mvi za saruji, hunawa uso, hunywa bilauri ya maziwa ili kusafisha kifua, kisha hurudi nyumbani akiamini kwamba vumbi limekwisha.

Halijaisha. Maziwa hupita kooni na kwenda tumboni, hayafiki mapafuni. Vumbi lililofika mapafuni hubaki huko, na sehemu yake iliyo hatari zaidi ndiyo isiyoonekana kwa macho. Makala haya yanaeleza kwa nini sakafu husuguliwa, vumbi lake lina nini ndani yake, lina undugu gani na vumbi la machimbo ya dhahabu, na ni nini mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kufanya. Jambo hili linahusu pia vituo vyetu wenyewe, kwa kuwa mara nyingi sakafu inayosuguliwa ni ya wodi, na anayemwajiri fundi ni sisi.

Kwa nini sakafu husuguliwa

Zege linapomwagwa na kusawazishwa, maji yaliyozidi hupanda juu yakibeba chembe laini za saruji na mchanga. Yakikauka, huacha utando dhaifu ambao hutoka kama unga ukikwaruzwa kwa msumari. Niru iliyopigwa vibaya juu ya zege hufanya vivyo hivyo. Ukipaka epoksi juu ya utando huo, epoksi itashika utando, lakini utando hautashika zege. Baada ya miezi michache mipako yote itaanza kubanduka vipande vipande. Mafuta, rangi ya zamani na mabaki ya gundi huleta matokeo hayo hayo.

Katika kituo cha afya jambo hilo si la urembo tu. Sakafu iliyobanduka au yenye nyufa hunyonya damu na majimaji ya mwili, na hakuna dawa ya klorini inayoweza kusafisha ufa ambao kitambaa hakifiki ndani yake. Sakafu ya chumba cha kujifungulia inapaswa kuwa imara, isiyopitisha maji na isiyo na viungio vinavyoficha uchafu. Kwa hiyo kuiandaa vema ni sehemu ya kinga ya maambukizi. Fundi anayesugua zege mpaka vitundu vyake vidogo vifunuke anafanya jambo lililo sahihi. Kinachompasa kubadili ni namna ya kulifanya.

Tufanye hesabu ndogo. Chumba chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 kina sakafu ya mita 20 za mraba. Fundi akiondoa milimita 1 tu ya zege katika sakafu yote, atakuwa amezalisha lita 20 za zege lililosagwa, yaani zaidi ya kilo 40 za unga. Huo ni uzito unaokaribia mfuko mmoja wa saruji. Sehemu kubwa ya unga huo huanguka chini na kuzolewa kwa koleo. Sehemu ndogo, nyepesi kuliko zote, huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa.

Jiwe moja, kazi mbili

Zege hutengenezwa kwa saruji, kokoto na mchanga. Mchanga mwingi ni chembechembe za kwatzi, lile jiwe gumu, jeupe au lenye kung'aa kama kioo, ambalo wataalamu wa madini huliita kwa asili yake silika. Miamba ya matale ambayo imesimama katika vilima na mawe makubwa ya nchi hii ina kwatzi kwa wingi, na mmomonyoko wake ndio unaojaza mchanga katika mito tunayochota kwa ujenzi.

Dhahabu nayo huandamana na jiwe hilo hilo. Katika mgodi wa Bulyanhulu, kusini mwa Ziwa Victoria, dhahabu imo katika mishipa ya kwatzi inayopenya mwamba. Wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama na maeneo ya jirani huufuata mshipa kama huo ndani ya duara, wakiuvunja kwa nyundo na tindo au kwa mashine ya kutoboa miamba. Mawe yakitolewa juu hupondwa, hupelekwa kwenye karasha kusagwa yakawa unga, kisha unga huoshwa mwaloni. Ili kuipata chembe ya dhahabu ni lazima kwatzi isagwe laini kabisa, na kadiri inavyosagwa laini ndivyo inavyokuwa hatari zaidi kwa pafu.

Uchimbaji katika ukanda huu si jambo la jana. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960; mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Pembeni mwa migodi mikubwa wamekuwapo daima wachimbaji wadogo, wapondaji wa mawe, waendesha karasha na kina mama wa mialo. Watu hao hawakai katika kazi moja. Duara likijaa maji au mshipa ukipotea, kijana huenda mjini kuwa saidia fundi. Huchanganya zege, hukata vigae, husugua sakafu. Mji ukikosa kazi, hurudi machimboni. Yeye huona kwamba amebadili kazi. Pafu lake halijui tofauti hiyo: ni silika ile ile, na kipimo cha kwanza hujumlishwa na cha pili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakimwagiki.

Kiasi kidogo kinatosha

Pua na koo hunasa vumbi kubwa. Mtu hulipiga chafya, hulikohoa au hulimeza. Chembe zenye upana wa chini ya maikromita 4 hupita vizuizi hivyo vyote hadi kwenye vifuko vya hewa. Unywele wa binadamu una upana wa maikromita 70 hivi, basi msomaji na afikirie udogo wa chembe hiyo. Ndiyo maana hewa inaweza kuonekana safi na bado ikawa na sumu.

Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 2016 iliweka kiwango cha juu cha silika ya kuvutika mapafuni kuwa maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa kazi ya saa 8. Kile chumba chetu cha mita 5 kwa 4, kikiwa na kimo cha mita 3, kina mita 60 za ujazo. Kukifikisha kwenye kiwango hicho kunahitaji miligramu 3 tu za silika laini zikielea hewani. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu 20 au zaidi. Kwa hiyo sehemu ya sita ya punje ya mchele, ikisagwa laini na kutawanywa hewani, inatosha kukifanya chumba kizima kifike mpaka wa hatari. Fundi anayesugua kwa grenda kavu anazalisha kilo.

Machimboni hali imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima hewa waliyovuta wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania. Kwa waliokuwa wakitoboa mwamba chini ya ardhi, wastani wa silika ulizidi mara 300 ya kiwango cha maikrogramu 50. Kwa waliofanya kazi juu ya ardhi, wastani ulikuwa takriban mara 4 ya kiwango hicho. Tofauti hiyo isimfariji anayefanya kazi juu. Mara 4 ya kiwango kila siku, kwa miaka, ni njia ya uhakika ya kuugua, na watoto wanaocheza karibu na karasha huvuta hewa hiyo pia.

Kinachotokea ndani ya pafu

Chembe ya silika inapofika kwenye kifuko cha hewa, chembe hai za ulinzi, ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na uchafu, huimeza. Silika haimeng'enywi. Humuua mlinzi aliyeimeza, hutoka, humezwa na mwingine, naye hufa. Kila mauaji huacha uvimbe mdogo, na kila uvimbe huacha kovu. Makovu hukua yakawa vinundu, vinundu huungana, na pafu lililokuwa laini kama sifongo hugeuka gumu. Ugonjwa huu huitwa silikosisi.

Silikosisi ina sura tatu. Ya kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi la wastani. Ya kasi hujitokeza kati ya miaka 5 na 10 kwa aliyevuta vumbi jingi. Ya ghafla huja baada ya wiki au miezi michache ya vumbi zito mno, nayo huua haraka. Mwanzoni mgonjwa hana dalili yoyote. Baadaye huja kikohozi, kisha kuhema wakati wa kupanda mlima au kubeba ndoo, kisha kuhema hata akiwa amekaa. Hakuna dawa inayoyeyusha kovu lililokwisha kujengeka, na ugonjwa unaweza kuendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Silika huongeza pia hatari ya saratani ya mapafu, ugonjwa sugu wa njia ya hewa, maradhi ya figo, na baadhi ya maradhi ambamo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, kama baridi yabisi.

Maarifa haya ni ya zamani. Katika kitabu chake cha madini kilichochapishwa mwaka 1556, Georgius Agricola aliandika juu ya wanawake wa nchi za milima ya Carpathia walioolewa na waume hadi saba, kwa kuwa vumbi la machimbo liliwamaliza wote. Miaka ya 1930 na 1931, huko West Virginia nchini Marekani, wafanyakazi walitoboa handaki la maji la Hawks Nest katika mwamba wenye silika nyingi, pakavu, bila maji ya kutuliza vumbi; mamia walikufa, wengi wao vijana. Na hivi karibuni vijana wanaokata mawe ya kutengenezwa kwa ajili ya meza za jikoni wameugua kwa wingi kiasi kwamba Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kazi hubadilika kila kizazi; vumbi ni lile lile.

Kifua kikuu kinachoitwa tena na tena

Hapa ndipo suala hili linapoingia moja kwa moja katika kliniki zetu. Chembe hai ambazo silika huziua ndizo hizo hizo zinazomkabili mdudu wa kifua kikuu. Mtu mwenye silikosisi ana hatari ya kupata kifua kikuu takriban mara 3 au zaidi ya mtu asiye nayo, na hatari hiyo hubaki hata baada ya kuacha kazi ya vumbi. Akiwa pia anaishi na VVU, hatari hizo mbili hazijumlishwi tu, bali huzidishana. Katika ukanda wa machimbo, ambako watu huhamahama na kulala wengi katika vibanda vidogo, hatari hizo hukutana katika mwili wa mtu mmoja.

Lakini kuna kosa la upande wa pili. Silikosisi na kifua kikuu hufanana. Vyote viwili huleta kikohozi na kukonda. Katika picha ya eksirei vyote hupenda sehemu ya juu ya mapafu, na vinundu vidogo vya silikosisi vinaweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu kilichosambaa. Mwanamume wa miaka 40 huja na kikohozi. Makohozi hayaonyeshi mdudu, picha ina madoa, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Anamaliza miezi 6, hapati nafuu, anarudi, anaandikiwa tena. Wakati wote huo anaendelea kusugua sakafu au kuendesha karasha, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Mhudumu asiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Mgonjwa wa silikosisi anaweza kweli kuwa na kifua kikuu, na mara nyingi anacho. Kila mwenye kikohozi aliyefanya kazi ya vumbi apimwe makohozi kwa kipimo cha vinasaba, na kipimo kirudiwe pale dalili zinapodumu. Kinachotakiwa ni kuyashikilia mawazo yote mawili kwa pamoja mpaka ushahidi useme.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watu walioko katika kazi zenye vumbi la silika wachunguzwe kifua kikuu kwa utaratibu wa kudumu, na kwamba wenye silikosisi, baada ya kuthibitika kuwa hawana kifua kikuu hai, wapimwe maambukizi yaliyojificha na kupewa tiba ya kinga. Nchini Tanzania wachimbaji wa madini wametajwa kuwa miongoni mwa makundi yanayohitaji kufuatiliwa kwa karibu katika mapambano dhidi ya kifua kikuu. Fundi wa sakafu, mkata vigae na saidia fundi hawaonekani katika hesabu hiyo kwa urahisi, kwa kuwa katika daftari la kliniki wameandikwa neno moja tu: mkulima, au kibarua.

Swali moja linalobadili matibabu

Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi. Humo aliwashauri madaktari waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye, swali hilo bado hurukwa, au huulizwa kwa namna isiyopata jibu. Mtu akiulizwa kazi yake Kahama mwezi wa Februari, atasema analima mpunga, na atakuwa amesema kweli.

Basi aulizwe hivi: "Baba, tangu ujana wako umefanya kazi zipi? Umewahi kuingia duarani, kusaga mawe, kuponda kokoto, kuchanganya zege, kusugua sakafu au kukata vigae? Kwa muda gani? Vumbi lilikuwa kiasi gani, mlikuwa mkionana? Mlitumia maji? Wenzako wa kazi hiyo wako wapi leo?" Swali la mwisho lisipuuzwe. Mara nyingi jibu lake ni kwamba wawili wamefariki kwa kifua, na hapo mhudumu hupata habari ya mgonjwa mmoja na ya kijiji kizima. Kina mama nao waulizwe, maana wanaoponda mawe nyumbani kwa kinu cha chuma au kuchekecha unga mwaloni mara nyingi hawajihesabu kuwa wachimbaji.

Majibu yaandikwe katika faili, pamoja na miaka. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza, historia hiyo isafiri pamoja naye. Kwa mwenye mwajiri, maandishi hayo yana thamani nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi, na bila kumbukumbu ya kazi hakuna cha kuthibitisha. Fundi wa kutwa na mchimbaji asiye na mkataba mara nyingi hubaki nje ya kinga hiyo, na kwao kuzuia ndiyo fidia pekee iliyopo.

Kuandaa sakafu bila wingu

Habari njema ni kwamba silikosisi huzuilika kabisa, na njia zake zinajulikana. Mafundi wa zamani wa terazo wanazijua bila kuambiwa: mashine nzito ya terazo husugua juu ya maji, na kinachotoka ni tope, si wingu. Wingu limeingia pamoja na grenda ndogo ya mkononi, iliyo rahisi kununua na inayotumika kavu.

Jambo la kwanza ni kuuliza kama kusugua kunahitajika. Zege lililochanganywa kwa maji ya kiasi, likasawazishwa kwa wakati wake na kumwagiliwa maji kwa siku 7 au zaidi, huwa na utando mdogo. Tone la maji likidondoshwa juu ya sakafu na kunyonywa upesi, vitundu viko wazi. Likikaa kama lulu, kuna mafuta, rangi au utando unaozuia. Pengine sabuni, maji ya moto na brashi ngumu vinatosha. Kuchoma sakafu kwa tindikali kunakwepa vumbi, lakini huleta mvuke unaounguza macho na njia ya hewa. Katika jengo lenye wagonjwa si mbadala mwema.

Pili, chumba kitengwe. Wagonjwa wahamishwe, milango na matundu yafungwe kwa nailoni na utepe, vifaa vitolewe au vifunikwe. Vumbi la ujenzi hubeba pia mbegu za ukungu, ukiwemo ule uitwao Aspergillus, ambao unaweza kumwua mgonjwa wa saratani ya damu au mwingine ambaye kinga yake imeshuka sana. Watoto njiti na wagonjwa wa namna hiyo wasiwe katika jengo hilo wakati wa kazi.

Tatu, maji au kifyonza vumbi. Mashine iliyoundwa kupokea maji inyunyizie kwenye diski muda wote wa kazi. Tahadhari kubwa hapa: grenda ya kawaida ya umeme haikuundwa kumwagiwa maji, na kuimwagia ni kutafuta kifo cha haraka badala ya kile cha polepole. Itumike mashine ya kazi hiyo, katika laini yenye swichi inayokata umeme unapovuja. Pasipo maji, grenda ivikwe kofia inayofunika diski na kuunganishwa na kifyonza vumbi chenye kichujio cha chembe laini. Katika chumba cha ndani, unga uliobaki ufyonzwe kati ya mzunguko mmoja na mwingine.

Huenda mtu akasema kwamba Shinyanga maji ni adimu. Ni kweli kwamba nchi hii ni kavu. Lakini maji ya Ziwa Victoria yaliyoletwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, yamefika katika miji, na ndoo chache za kutuliza vumbi ni kidogo zikilinganishwa na yale yaliyotumika kuchanganya zege lenyewe. Maji ya tope yakiachwa yatuame yanaweza kutumika tena.

Nne, tope lizolewe likiwa bichi. Likikauka hurudi kuwa vumbi; likimwagwa kwenye mfereji huziba bomba. Kufagia pakavu na kupuliza kwa kompresa kusifanyike kamwe. Sakafu iachwe ikauke. Kwa zege jipya, siku 28 ndiyo desturi kabla ya kupaka epoksi. Ili kupima unyevu, kipande cha nailoni cha sentimita 45 kila upande hubandikwa pande zote kwa utepe na kuachwa saa 16 au zaidi. Umande ukionekana chini yake, sakafu haijawa tayari.

Tano, barakoa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii silika, wala barakoa ya upasuaji haizuii. Inahitajika ile ya daraja la N95 au FFP2 na zaidi, iliyobana uso, kwa mtu asiye na ndevu zinazoacha mwanya. Hata hiyo hupunguza vumbi mara 10 tu ikivaliwa ipasavyo, na kwa wingu la grenda kavu hazitoshi mara 10. Ndiyo sababu barakoa imekuja ya tano na si ya kwanza. Nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe kwa maji bila kukung'utwa, na fundi aoge kabla ya kumbeba mtoto wake.

Tahadhari moja iongezwe kwa majengo ya zamani. Vigae vya plastiki vya sakafu vya miaka mingi iliyopita, pamoja na gundi yake nyeusi, vinaweza kuwa na asbesto, na rangi za kale zinaweza kuwa na risasi. Visisuguliwe mpaka ijulikane ni vitu gani.

Mganga mfawidhi kama mwajiri

Vituo vingi vya afya vimejengwa na kukarabatiwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo kamati ya ujenzi huwaajiri mafundi wa eneo husika bila mkandarasi mkubwa. Utaratibu huo umepunguza gharama na kuwapa vijana wa kijiji kazi. Umeleta pia wajibu ambao haujazoeleka: mganga mfawidhi na kamati yake ndio wanaosimamia mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka wasimamizi wa kazi kulinda afya ya wanaoifanya. Fundi anayeugua kwa vumbi la wodi yetu atarudi katika wodi hiyo hiyo, safari hii akiwa kitandani.

Kwa hiyo gharama ya kukodi mashine ya maji au kifyonza vumbi iandikwe katika makadirio tangu mwanzo, kama inavyoandikwa saruji na nondo. Mapatano na fundi yataje kwa maneno kwamba hakuna kusugua pakavu, na muuguzi wa kuzuia maambukizi apewe uwezo wa kusimamisha kazi wingu likionekana.

Kwa msomaji aliye mgonjwa, au ambaye bado ni mzima na anaishi kwa kazi ya vumbi: ukikohoa zaidi ya wiki 2, nenda kituoni, na usisubiri kuulizwa, taja mwenyewe kazi zako zote, za machimbo na za ujenzi. Ukiambiwa una silikosisi, kuacha vumbi ndiyo dawa ya kwanza, na kuacha sigara ni ya pili. Chukua tiba ya kinga ya kifua kikuu ukishauriwa, na urudi kupimwa hata ukijisikia vizuri. Waambie pia wenzako mliofanya kazi pamoja waje kupimwa, kwa maana hewa mliyovuta ilikuwa moja.